Nyumba ya Mama Anastazia Kabla ya Kuuzwa

Nyinyi vijana mnaoshika mwiko siku hizi mna bahati ya saruji. Ukiihitaji unavuka barabara, unanunua. Ndiyo maana mtu akiwaita mumtengenezee nyumba apate kuiuza, mnaanza na rangi na kumaliza na rangi, na katikati mnapaka lipu juu ya ufa mkidhani umepona. Sisi tulijifunza kazi hii saruji ikiwa adimu na bati likiwa adimu zaidi. Hata misumari tuliinyoosha kwa nyundo tukaipigilia upya. Nyumba iliyochoka huwezi kuitengeneza yote kwa hali hiyo, lazima uchague. Na kuchagua kulinisumbua kuliko kujenga, tangu nilipoanza hadi nilipoiacha kazi.

Aliyenifundisha kuchagua alikuwa Papa Kambale. Alikuwa mwashi wa Butembo, Mkatoliki wa kusali rozari hata akiwa juu ya jukwaa la kujengea. Alivuka mpaka pale Mpondwe katika miaka ya sitini, wakati wa vita vya Kongo, akiwa na mke wake, pimamaji yake na suti ya kanisani. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Kyondo nikitafuta kazi yoyote isiyokuwa kupalilia kahawa ya baba. Tulikutana Bwera akijenga jiko la padri, nikamwomba kazi, akanitazama mikono, akanikubali.

Siku za mwanzo hakunipa chombo chochote. Alinipa kigoda. Tukiitwa kukagua nyumba iliyochoka, tulingoja mvua inyeshe ndipo tukaingia ndani na kukaa, yeye na kigoda chake, mimi na changu, tukitazama juu. Wenye nyumba walidhani tunakwepa kazi. Kumbe yeye alikuwa akisikiliza maji yanapita wapi.

"Mayi kwanza," aliniambia. "Mayi ya juu, kisha mayi ya chini."

Alitaka kusema paa kwanza, halafu mifereji na msingi. Baada ya maji vinafuata vitu vya kufunga, yaani milango, madirisha na vitasa, kwa sababu mnunuzi akiingia tu anawaza watoto wake watalala salama au la. Halafu sakafu, tena pale tu miguu inapokanyaga sana. Rangi ni ya mwisho kabisa, kama kuna kilichobaki. Na kabla ya yote hayo aliuliza swali moja ambalo wengi wenu hamliulizi: atakayenunua ni nani? Mwenye kutaka duka atabomoa ukuta wa mbele hata kama umeupaka lipu jana, kwa hiyo usimpotezee saruji. Mwenye familia atakwenda kwanza kukagua choo.

Kulikuwa na mzee mmoja pale Bwera, mchuuzi wa chumvi, ambaye hakutaka kusikia habari ya maji. Bati lake lilikuwa na matundu kama chekeche, naye akanunua chokaa, akapaka nyumba nzima ikawa nyeupe kama kanzu ya ubatizo. Mnunuzi akaja kutoka Kasese amevaa koti jeusi. Wakaanza kuzungumza ndani, mnunuzi akaegemea ukuta, na mvua ikaanza. Madoa ya zamani yakajitokeza polepole, moja baada ya jingine, mzee akiwa bado anasifu nyumba yake. Mnunuzi alipoondoka, mgongo wake ulikuwa mweupe wote. Soko zima lilicheka. Papa Kambale hakucheka. Alikwenda na ngazi kumzibia matundu, na mzee akauza msimu uliofuata.

Lakini nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Kasese, upande wa stesheni ya reli. Ilikuwa na vyumba vinne vilivyopangana, baraza mbele, jiko na choo nyuma. Kuta zilikuwa za tofali za udongo zilizopakwa saruji kwa nje. Mwenyewe alikuwa Mama Anastazia, mjane wa kutoka Butembo, ambaye aliuza vitenge na samaki wakavu pale Bwera. Mumewe aliijenga nyumba ile kabla hajafa, na wapangaji wake wengi walikuwa watu wenye kazi Kilembe migodini au pale relini. Katika chumba cha mwisho alikaa mwanawe wa pekee, Pascal, karani wa mizigo stesheni, ambaye ndiye aliyewaangalia wapangaji.

Pascal alikuwa rika langu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, tena kwa baiskeli ya stesheni. Kitasa cha mlango wake alikinunua mwenyewe Kampala, kizito, cha shaba, akakileta kimefungwa kwenye gazeti kama nyama. Mimi ndiye niliyekifunga. Alisimama nyuma yangu muda wote akiniambia nisikikwaruze.

Ilikuwa mchana, katika ile miaka ya sabini ambayo wakubwa wenu hawapendi kuizungumzia. Mama Anastazia alikuwa Bwera, siku ya soko. Mambo haya niliyasikia kutoka kwa mpangaji wa chumba cha pili, mke wa mchimba madini, ambaye alikuwa akianua nguo. Gari lilisimama, wakashuka watu wenye bunduki, wakauliza karani anayepitisha kahawa ya magendo kwenda Kongo yuko wapi. Siku hizo mtu mmoja akikuchukia alihitaji kutaja tu kahawa na mpaka. Pascal aliwaona kutoka barazani. Akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo.

Walimwamuru afungue. Hakufungua. Wakaupiga mlango kwa viatu hadi ubao ukapasuka kuzunguka kitasa, wakaingia wakamtoa akiwa na shati limechanika na mguu mmoja hauna kiatu. Yule mpangaji alisema Pascal hakupiga kelele. Aliomba tu mtu akamwambie mama yake. Gari likaondoka kuelekea barabara kuu.

Mama Anastazia alipofika, alikuta wapangaji wamekaa barazani na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tangu siku ile alizunguka kwenye mageti ya kambi za jeshi na ya vituo vya polisi, akiuliza. Mwanamke yule hakuwahi kumwita mtu afande maishani mwake, na sasa alijifunza: afande, naomba kuuliza, afande, mutoto yangu. Kila mahali alijibiwa kwamba jina hilo halipo. Papa Kambale alimsindikiza mara kadhaa, mpaka siku moja walipigwa kwa kitako cha bunduki wote wawili, ndipo yeye akamkataza Papa Kambale kumfuata tena.

Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Hawakuwa na ubaya naye, waliogopa. Nyumba ambayo watu wa bunduki wameshaijua, nani atalala humo? Nyumba isiyo na mtu huchoka haraka. Hakuna anayefagia majani juu ya paa wala anayezibua mfereji, mchwa wanapata nafasi. Miaka ikapita hivyo. Kazi kule Kilembe nazo zikaanza kupungua, watu wakawa wanarudi kwao na wapangaji wapya hawapatikani. Dada wa Mama Anastazia kule Butembo akawa anamtumia salamu kwa madereva wa malori, arudi nyumbani, anakaa Uganda na nani? Mwishowe Mama Anastazia akatuita, mimi na Papa Kambale, tumwambie atengeneze nini na aache nini, apate kuuza.

Papa Kambale alikuwa tayari mzee wa kukohoa, macho yake mazito. Lakini alikuja na kigoda. Tulikaa ndani mvua ikinyesha, Mama Anastazia amesimama mlangoni akiwa na shali kichwani. Paa lilivuja juu ya vyumba viwili. Maji ya mlimani yalikuwa yakigonga ukuta wa nyuma kwa sababu mfereji ulikuwa umejaa mchanga, na ukuta ule ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Sakafu ilikuwa imechimbika, fremu za madirisha mawili zilikuwa zimeliwa. Na ule mlango wa mwisho ulikuwa unaning'inia kwenye bawaba moja, katikati ukiwa umepasuka, na alama ya soli ya kiatu bado inaonekana.

Tulimweleza mpango. Bati zuri la jikoni tungelihamishia kwenye nyumba kubwa, na lile bovu tungelishusha jikoni, maana hakuna anayenunua nyumba kwa ajili ya paa la jiko. Matundu ya misumari tungeyaziba kwa lami. Mfereji tungeuchimba upya upande wa mlimani. Ule ufa hatungeuficha. Tungebandika juu yake vipande vidogo vya lipu, na kama havikupasuka mpaka mvua ziishe, mnunuzi angeona mwenyewe kwamba ukuta umetulia. Hili lishikeni, vijana: ufa uliofichwa humtia mnunuzi wasiwasi akiugundua, na lazima ataugundua. Sakafu tungeiziba milangoni tu. Rangi, hapana. Alikubali yote, akitikisa kichwa taratibu.

Kisha Papa Kambale akasema kwamba baada ya maji tungeushika mlango wa chumba cha mwisho.

"Ule mulango muuache," akasema Mama Anastazia.

Papa Kambale alidhani hakusikia vizuri. Akamweleza kwa upole kwamba mnunuzi ataona ubao uliopasuka na alama ya kiatu, na atauliza.

"Aulize."

"Mama Pascal, akiuliza ataogopa. Akiogopa hanunui."

Mvua ilikuwa imepungua na tulisikia matone yakidondoka chumbani.

"Funguo iko na Pascal," alisema hatimaye. "Alifunga, akaitia mu mufuko. Bale batu balivunja mbao, kitasa hakikufunguka. Muangalie, mpaka leo iko imefungwa. Mukiweka kitasa ingine, siku atarudi atafungua na nini?"

Niliangalia. Kweli, ulimi wa kitasa ulikuwa bado umetoka nje, kama alivyouzungusha Pascal siku ile. Papa Kambale alivua kofia yake, akaishika mkononi kama mtu aliye kanisani. Halafu akainuka, akaenda kukagua mfereji ambao tulikuwa tumeshaukagua.

Tukafanya kazi yote isipokuwa ile. Wanunuzi wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwenye basi, mtu wa kuongea kwa sauti kubwa. Alisifu paa, akapiga teke ukuta wa nyuma kuupima, akacheka na sisi. Alipofika chumba cha mwisho sauti yake ikashuka. Aliniuliza pembeni ni nani waliofanya vile, nikamwambia. Akakumbuka kwamba ana safari. Wa pili alisema atarudi na mkewe, hakurudi. Wa tatu alisimama barazani tu, kwa maana alikuwa ameshasimuliwa mjini. Mama Anastazia alimkaribisha kila mmoja, aliyeingia akamtembeza mwenyewe, na kila walipofika pale mlangoni alisimama wima na kungoja.

Mimi nilikuwa na hasira, nakubali. Nilikuwa nimehamisha bati kwa mikono yangu juani, na jua la Kasese mnalijua. Nilimwambia Papa Kambale kwamba kazi yetu yote inaharibiwa na ubao mmoja. Akanijibu kwamba mimi ndiye niliyekifunga kile kitasa, kwa hiyo nifikirie mimi. Akageuka kulala.

Msimu ulipogeuka akaja Mzee Masereka, mkulima wa kahawa kutoka Kyondo, aliyemfahamu baba yangu. Alitaka nyumba ya binti yake, mwalimu, mwenye watoto wadogo. Huyu alitazama mfereji kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na Papa Kambale akampenda palepale. Akapapasa vile vipande vya lipu juu ya ufa, vilikuwa vizima. Akaenda chooni. Mwisho akafika kwenye ule mlango, akasimama mbele yake muda mrefu. Hakuuliza kitu. Nadhani hakukuwa na nyumba huku kwetu ambayo haikuwa na habari ya namna hiyo, yake au ya jirani.

Alimgeukia Mama Anastazia. "Mama, nyumba nitaichukua," alisema. "Lakini binti yangu atalala humu na wajukuu zangu. Siwezi kumlaza nyuma ya mlango huu. Naomba unisamehe."

Mama Anastazia alimwambia arudi baada ya Jumapili. Hakukasirika. Nilimwona tu amekaa barazani baadaye, viganja vyake vimelala mapajani kama vya mtu aliyemaliza kupukuchua mahindi, na mbele yake hamna kitu.

Hapo ndipo nilipofikiri, kama nilivyoambiwa. Jumapili nilimngoja atoke misa. Nikamweleza kwamba mlango ni mbao na mbao zinaoza, lakini kitasa ni kitu cha kuhamishwa. Ningekitoa kizima, ningekifungua matumboni, ningechonga ufunguo wa pili kufuata vyuma vya ndani. Angekwenda nacho Butembo, nikakifunge kwenye mlango wa nyumba atakayokaa. Yeye angetumia ufunguo wangu. Na Pascal ana wa kwake.

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Na batamuambiaje kama niko Butembo?"

Nikamjibu kwamba kila mtu Bwera anajua kwao, na mimi nitakuwepo Kasese. Mtu akimuuliza, nitamwelekeza mimi. Akasema basi, toa.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, nikazilowesha mafuta ya taa na kuzingoja. Nilipokivuta kitasa, alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya kitenge. Mlango wenyewe aliniambia niupasue kuni, ila nisizichome pale. Niliweka mlango mpya wa mvule, na Mzee Masereka akanunua nyumba.

Kile kitasa tulikifungulia Bwera, barazani kwa Papa Kambale. Mateke yalikuwa yamelikunja bamba lake la ndani, na vyuma viwili vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo vilikuwa vimebanwa. Nililinyoosha juu ya chuma cha reli. Papa Kambale, ambaye macho yake hayakuona tena kazi ndogo, alipapasa kwa vidole na kunionya nisipige tupa sana. "Hii vyuma iko najua funguo yake," alisema, maana vikipungua ufunguo wa Pascal huenda usivifungue tena. Nilipiga kidogo kadiri nilivyoweza. Bila hivyo kisingezunguka kabisa. Kisha nikachonga ufunguo, nikajaribu, nikachonga tena, mpaka ulimi ukarudi ndani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Tulisikia ule mlio. Papa Kambale akafanya ishara ya msalaba.

Kama kuna jambo nililopata katika kazi ile la kuwapa nyinyi, ni hili: mkiitwa kutengeneza nyumba ya kuuzwa, msiulize tu nini kimevunjika. Ulizeni kilivunjikaje. Mtu anaweza kuwa amewaita kwa ajili ya paa, na kumbe paa si shida yake.

Nilimsindikiza kwa lori la maharage lililokuwa likirudi tupu, kupitia Mpondwe na Beni. Mpakani askari wa forodha alitaka kujua kilichomo ndani ya kitenge, kwa vile kilikuwa kizito. Mama Anastazia akamfungulia, akamwambia ni kitasa cha mlango wake. Yule askari alikigeuza mara moja, akamrudishia.

Nyumba ya Butembo ilikuwa ya marehemu baba yake, karibu na parokia. Nilitoboa mlango wa mbele palepale nikakifunga. Akaniambia nikiweke juu kidogo, kwa sababu Pascal ni murefu na alizoea kulalamika kwamba cha Kasese anakiinamia. Nikakiweka juu. Nikampa ufunguo, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga.

"Na ile ya Pascal," akaniuliza, "nayo itazunguka?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ningefika Kasese bila mzigo moyoni. Lakini nilikuwa nimepiga tupa vile vyuma, na fundi hawezi kuapia ufunguo asioushika.

"Sijui, mama," nikasema. "Nimefanya nilivyoweza."

Akaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kitenge.

"Haina neno. Ikikataa atapiga hodi. Miye niko ndani."

Akaenda kunipikia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Papa Kambale alifariki mwaka huohuo, akazikwa Bwera, na pimamaji yake ninayo mimi. Mzee Masereka aliishi kuona wajukuu zake wakimaliza shule katika nyumba ile. Mimi nilibaki Kasese kama nilivyoahidi, na kila nilipopita stesheni nilitazama wanaoshuka. Hakuna aliyeniuliza njia ya kwenda Butembo.

Baada ya miaka mingi nilipata habari kwamba Mama Anastazia amekufa. Nilichelewa maziko, lakini nilikwenda. Mpwa wake, aliyekuwa akimtunza, alinionyesha chumba alichofia. Hakikuwa chumba cha kulala. Kilikuwa kile cha mbele, ambacho watu wote huweka viti vya wageni. Alisema katika miaka yake ya mwisho mama alikuwa haachi nyumba isipokuwa kwa misa, naye alirudi haraka. Na masikio yake yalipoanza kupungua, aliwaomba watoe viti, wakasogeza kitanda chake hadi kikagusa mlango.